Mashine ya faksi ilipoondoka ofisini: yaliyotukuta tulipohamia faksi ya barua pepe

Jamaa zangu walioko Dar huwa hawaamini nikiwaambia kwamba kliniki za Marekani bado zinatumia faksi. Mimi ni meneja wa ofisi katika kampuni ndogo ya uuguzi wa majumbani, kwenye kitongoji cha Minneapolis, jimbo la Minnesota, na karibu kila kitu kinachotuletea riziki kinapita kwenye faksi. Mpango wa matunzo wa mgonjwa, ile fomu ambayo wakongwe wa kazi hii bado wanaiita 485, lazima usainiwe, na kwa wagonjwa wa Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, unasainiwa upya kila siku 60. Muuguzi akipewa agizo na daktari kwa simu, nalo linaandikwa na kupelekwa likasainiwe. Mfumo wa kompyuta wa kliniki hii hausomani na wa kliniki ile, na wetu hausomani na wa yeyote. Kinachotuunganisha sote ni namba ya faksi. Saini isiporudi hatuwezi kudai malipo, na malipo yakichelewa ndio mwanzo wa wasaidizi kupiga simu kuulizia mishahara.

Watu wa Afrika Mashariki wengi hapa wamefungua kampuni za uuguzi na nyumba za wazee, na kila nikikutana nao kanisani au kwenye misiba nasikia wako mbioni kuachana na mashine. Sisi tumeshapita huko. Ilituchukua muda mrefu kuliko tulivyoahidiwa, ikatutia hofu kubwa mara moja, na leo nisingekubali kurudi nyuma. Ila kuna mambo ambayo muuzaji hatakwambia.

Kilichotusukuma ni bili. Mashine yetu ilikuwa kwenye laini ya zamani, ule waya wa shaba unaotoka ukutani, na kampuni za simu za hapa hazitaki tena kuzitunza nyaya hizo. Mwaka 2019 FCC, tume inayosimamia mawasiliano Marekani, ilizilegezea kampuni kubwa masharti ya kuuza laini hizo kwa wenzao, na kwa wateja wengi bei imepanda tangu hapo. Yetu ilipanda kimyakimya, dola chache kila mara, mpaka laini moja isiyopigiwa na mtu ikawa inatugharimu zaidi ya dola 100 kwa mwezi. Hapo sijahesabu tona, karatasi, na fundi anayetoza kwa kufika tu mlangoni.

Mimi mwenyewe nilikuwa mgumu kuiacha. Faksi nimeijulia Dar, miaka ya tisini, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, tukitumiwa hati za mizigo kutoka Dubai kwenye zile karatasi laini za kung'aa. Maandishi yake yalififia yakiachwa juani, kwa hiyo kila ukurasa ulioingia ulitolewa fotokopi siku hiyohiyo, kabla bosi hajaufungia faili. Nimekua nikiamini kwamba karatasi iliyotoka kwenye mashine ni karatasi iliyofika. Imani hiyo ndiyo iliyonisumbua baadaye.

Kwanza tulijaribu njia ya mkato. Kampuni iliyotuuzia intaneti ilisema tuhamishie laini kwenye simu ya intaneti, tuchomeke mashine ileile kwenye kijisanduku cha kugeuzia, kazi imekwisha. Barua ya ukurasa mmoja ilipita vizuri. Mpango wa matunzo wenye kurasa tisa ulikatika katikati, ukarudiwa, ukakatika tena, na kliniki ikawa inatupigia kulalamika kwamba inapokea nusu nusu. Sababu yake ni hii: simu ya intaneti inaikata sauti vipande vidogovidogo na kuvituma kimoja kimoja. Kipande kikipotea katika mazungumzo ya watu wawili, sikio linajaza pengo na hakuna anayegundua. Mashine ya faksi inasikiliza milio, na mlio ukikosekana inapoteza mstari mzima au inakata kabisa. Kuna itifaki iliyotengenezwa kwa tatizo hilo, T.38, lakini lazima kila kampuni iliyo njiani iikubali. Kama umekwama hapo, shusha kasi ya mashine hadi biti 9,600 kwa sekunde kwenye menyu yake. Kwetu ilipunguza tatizo. Haikulimaliza.

Basi tukaamua kuhamia faksi ya barua pepe. Inavyofanya kazi: unaandika barua pepe, unaambatisha PDF, na pale kwenye anwani unaweka namba ya faksi ya unayemtumia ikifuatiwa na jina la mtandao wa kampuni ya huduma. Kampuni hiyo inaigeuza PDF kuwa faksi na kuipiga kwa laini zake. Ikiingia faksi kwenye namba yako, wanaigeuza PDF na kukuletea kwenye barua pepe. Kliniki ya upande wa pili haijui wala haihitaji kujua kwamba umebadilisha kitu.

Huduma za bure zipo nyingi. Kwa taarifa za wagonjwa, usiziguse. HIPAA, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za wagonjwa, haikatazi faksi, wala haikatazi barua pepe. Inataka ulinde taarifa kwa uangalifu unaostahili, na inataka kila kampuni inayozishika kwa niaba yako ikusainie mkataba wa kuzilinda. Watu wa kazi hii wanauita BAA. Huduma ya faksi lazima ikusainie. Na hapa ndipo wengi wanasahau: kampuni ya barua pepe nayo lazima ikusainie, maana faksi zako zinalala kwenye kikasha chake. Gmail ya bure haina mkataba huo. Google Workspace na Microsoft 365 za kulipia zinao, lakini kwa Google lazima msimamizi wa akaunti aingie kwenye mipangilio aukubali. Usidhani kwamba kwa sababu unalipa basi umeshalindwa. Dada mwenye kampuni aliuliza swali zuri sana siku tunachagua: nakala za faksi zetu zinakaa kwenye kompyuta zenu kwa muda gani? Kampuni mbili hazikuwa na jibu la haraka. Tukachukua ile iliyotuonyesha mahali pa kuweka zijifute zenyewe baada ya siku tunazozitaka sisi.

Bei zinategemea kurasa. Kwa ofisi ya ukubwa wetu tuliambiwa kati ya dola 20 na 50 kwa mwezi, na ukizidisha kurasa unatozwa senti kadhaa kwa kila moja. Soma vizuri kama kurasa zinazoingia nazo zinahesabiwa. Kwetu zinahesabiwa, na matangazo ya vifaa vya hospitali yanayotumwa ovyo yanakula kurasa zilezile tunazolipia. Omba wakuwekee orodha ya namba za kuzuia tangu siku ya kwanza.

Sasa namba. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Mashine ni chombo tu, unaweza kununua nyingine kesho. Namba ya faksi ndiyo mali. Imechapwa kwenye fomu za rufaa za hospitali, imehifadhiwa kwenye kompyuta za kliniki, iko kwenye kichwa cha habari cha fomu ambazo hata sisi tumeshazisahau. Wauguzi wa hospitali wanaopanga mgonjwa akitoka aende wapi hawatakutafuta kama namba yako imekufa. Watamtuma mgonjwa kwa kampuni inayofuata kwenye orodha.

Kwa hiyo usikate laini ya zamani kabla namba haijahama. Kuna jamaa, kampuni yake ni kama yetu, aliyepiga simu kufuta laini asubuhi akiwa na furaha ya kuokoa pesa, halafu mchana ndio akaomba namba ihamishwe. Namba iliyofutwa haihamishiki. Alihangaika nayo muda mrefu na hakuipata, ikabidi aandikie kila kliniki, na rufaa zake zilishuka wakati huo wote.

Utaratibu wenyewe ni kwamba kampuni mpya inakupa barua ya idhini, unasaini, wao ndio wanaoidai namba kwa kampuni ya zamani. Jina na anwani kwenye barua hiyo lazima vifanane na vilivyo kwenye bili herufi kwa herufi. Ombi letu lilirudishwa kwa sababu bili ilikuwa na jina la kampuni lenye "LLC" mwishoni na barua haikuwa nalo. Likarudishwa tena kwa sababu bili bado ilikuwa na anwani ya ofisi ya kwanza kabisa. Omba kwanza kampuni ya zamani ikupe kumbukumbu zake za akaunti yako kama zilivyo, pamoja na namba ya akaunti na namba ya siri. Kwa sheria za FCC hawawezi kuzuia namba yako hata kama una deni nao, deni watakudai kivyake. Lakini karatasi zisipofanana watarudisha ombi, na kila likirudishwa unaanza foleni upya.

Jambo lingine, na hili namshukuru kijana anayetutunzia kompyuta: angalia ni nini kingine kinachotegemea waya huo. Alifuata waya wa faksi kutoka ukutani, nyuma ya kabati la mafaili, akakuta umegawanywa, na tawi moja linaingia kwenye kisanduku cha kengele ya wezi. Namba ingehama na kengele yetu isingeweza tena kuita mtu, na tusingejua. Mahali pengine ni mashine ya kadi za malipo, au intaneti yenyewe ya DSL inayopita kwenye waya huohuo. Ukihamisha namba yenye DSL juu yake, intaneti nayo inaweza kukatika siku hiyo.

Namba ilipohama, siku za mwanzo zilikuwa za malalamiko ya picha. Faksi ya kawaida haina rangi wala kijivu. Kila nukta ni nyeusi au nyeupe, na kwa ubora wa kawaida zipo nukta 204 kwa inchi kwa upana na 98 tu kwa urefu. Wauguzi wetu walikuwa wanapiga picha fomu kwa simu, juu ya meza ya mgonjwa, kivuli cha mkono kikiwa kimeangukia karatasi. Kwenye kioo cha simu inasomeka safi. Ikigeuzwa faksi, kivuli chote kinakuwa doa jeusi na saini imo ndani yake. Nilichapisha moja kama ilivyofika kliniki na kuibandika ukutani karibu na jiko, nusu ya ukurasa nyeusi tii, dozi ya dawa haionekani kama ni 5 au 6. Ilisaidia kuliko maelezo yangu yote. Sasa wanatumia programu ya kuskani inayotoa nyeusi na nyeupe, na faksi zetu tumeziweka kwenye ubora wa juu, ambao unaongeza nukta za urefu mara mbili. Zinachukua muda zaidi kupita. Acha zichukue.

Hofu niliyoitaja mwanzoni ilitokea Ijumaa moja jioni. Tuna mgonjwa, bibi anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda. Muuguzi alimpima INR nyumbani, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda, akapeleka majibu, na kliniki ikajibu kwa faksi: punguzeni dozi kuanzia leo usiku. Faksi iliingia kwenye kikasha chetu cha pamoja, ambacho wote tuliweza kukiona kwenye simu zetu. Mtu mmoja akaifungua akiwa kwenye foleni ya magari, akaona ni ya muuguzi, akafunga. Kwa kuifungua tu, ile alama ya kwamba haijasomwa ikatoweka. Kila aliyepita baada yake aliona kikasha kisafi akajua mambo yameshughulikiwa. Jumamosi asubuhi binti wa yule bibi alipiga simu kumuuliza muuguzi wa zamu kama majibu yamekuja, na hapo ndipo yakatafutwa. Bibi alikuwa ameshameza dozi ya zamani usiku ule.

Hakuna lililompata. Daktari aliambiwa, akatoa maelekezo, na bibi akapimwa tena mapema wiki iliyofuata. Lakini nilikaa na simu mkononi Jumamosi ile nzima, na dada mwenye kampuni alikuja ofisini siku yake ya mapumziko, tukakaa wawili kujiuliza ni nini hasa tulichokuwa tumekiondoa.

Tuliona kwamba ile mashine ilikuwa inafanya kazi ambayo hatukuwahi kuiandika popote. Ilikuwa inapiga kelele. Karatasi ikitoka, yeyote aliye karibu aliisikia, akainyanyua, akaipeleka kwenye meza ya mwenyewe. Karatasi iliyobaki kwenye trei ilionekana na kila aliyepita kwenda kuchukua kahawa, na ikiwa mkononi mwa mtu, basi haiko kwa mwingine. Kwenye kikasha cha pamoja, faksi iko kwa kila mtu na haina mwenyewe. Tulinunua njia ya kupeleka na kupokea, na hatukumpa mtu yeyote kazi ya kuangalia.

Tangu hapo kikasha kina zamu, na zamu ina jina la mtu ubaoni. Mwenye zamu anahamisha kila faksi kwenye folda ya muuguzi husika, anaandika kwenye daftari la kompyuta saa na nani kapewa, na muuguzi anajibu kwamba ameipata. Faksi haitoki kwenye kikasha mpaka ijibiwe. Wengine wote tumeondolewa ruhusa ya kukifungua kwenye simu, mwanzoni walinung'unika. Jioni na mwisho wa wiki, muuguzi wa zamu anapata ujumbe kwamba kuna faksi, bila jina la mgonjwa, anaingia mwenyewe kuiangalia. Na kliniki zote zinazoshughulika na warfarin na insulini tumeziomba zipige simu pia. Nyingi zimekubali bila ubishi.

Angalieni pia folda ya barua taka. Mfumo wa barua pepe hauijui kampuni ya faksi, na PDF kutoka kwa mtumaji asiyejulikana inatiliwa shaka. Mweke mtumaji huyo kwenye orodha ya wanaoaminika kabla namba haijahama, na mwenye zamu afungue folda ya taka kila siku.

Kutuma nako kuna mitego yake. Miji hii ya Minneapolis na St. Paul ina misimbo minne ya simu, 612, 651, 763 na 952, na mashine yetu ilikuwa imehifadhi namba za kliniki kwenye vitufe vya haraka, nyingine bila msimbo. Chapisha orodha hiyo yote kabla hujaichomoa mashine, kisha piga simu kliniki moja moja uthibitishe. Sisi tulikuta namba mbili ambazo zilikuwa za kliniki zilizokwisha kuhama. Tarakimu moja ikikosewa, taarifa za mgonjwa zinatua kwa mtu baki, na hapo unaweza kulazimika kumwandikia mgonjwa kumjulisha ndani ya siku 60. Namba sasa hazichapwi kwa mkono. Zinachaguliwa kwenye orodha ambayo watu wawili tu wanaweza kuibadilisha. Jina la mgonjwa halikai kwenye mada ya barua pepe, kwa sababu huduma nyingi zinachukua mada hiyo na kuichapa kwenye ukurasa wa juu.

Na jifunzeni kusoma uthibitisho. Ule wa kwanza unaokuja mara moja unasema tu kwamba ombi lako limepokelewa na liko kwenye foleni. Faksi yenyewe inaweza kushindikana dakika kumi baadaye, na taarifa ya kushindikana inakuja kwenye barua pepe ya aliyetuma, ambaye ameshakwenda kwa mgonjwa mwingine. Tumeelekeza taarifa zote za kushindikana ziende kwa mwenye zamu. Uthibitisho wa pili, wenye idadi ya kurasa na saa, ndio tunaoufunga kwenye faili. Hata huo unathibitisha tu kwamba mashine ya upande wa pili imepokea. Kwa saini ya siku 60 bado tunapiga simu.

Kuhusu mashine ya zamani, msiiweke barabarani wala kuipeleka kwa wanaogawa vitu vya msaada. Nyingi zina kumbukumbu ndani, na zile zinazochapa kwa utepe wa filamu zinabakiza kwenye utepe kila ukurasa uliowahi kuchapwa, unasomeka ukiushika kwenye mwanga. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya New York, Affinity Health Plan, ilikubali kulipa serikali dola 1,215,780 baada ya mashine za fotokopi ilizokuwa imekodi kurudishwa zikiwa na taarifa za wagonjwa kwenye diski zake. Sisi tuliutoa utepe tukaukata vipande, tukafuta kumbukumbu kwa kufuata kitabu cha mashine, na kampuni ya kuharibu nyaraka ikachukua iliyobaki na kutuachia cheti.

Gharama kwa sasa ni chini ya nusu ya tulichokuwa tunalipa kwa laini peke yake, ukiondoa miezi ile ya mpito tuliyolipia zote mbili. Wekeni akiba ya miezi hiyo. Kuna kliniki moja ya vijijini ambayo mashine yake bado inakataa faksi zetu zikizidi kurasa kumi, na hatujui kama tatizo liko kwao au liko njiani. Faksi ya namna hiyo tunaigawa mara mbili, sehemu ya kwanza asubuhi na ya pili baada ya kupiga simu kuthibitisha kwamba ya kwanza imefika.